Uzi Uliokataa Kuungua

Delphin alitumwa sabuni tu. Lakini sokoni Kamembe alimkuta Joselyne, kitenge cha njano kiunoni, akisuka kichwa cha mteja, akasahau kilichomleta.

"Papa, unataka nikusuke?" Joselyne alimtania.

"Hapana, Maman. Naangalia vile unavuta. Kila uzi sawasawa!"

Mapenzi yakaanza hapo, ikafuata miezi sita ya "sheri, umekula?" kwenye simu. Kwao Joselyne wakawa wanauliza wazee wa Delphin watakuja lini. Hapo ndipo Delphin akaacha kupokea simu, alasiri nzima inalia tu! Jumapili, baada ya misa, Joselyne akaokota unywele mrefu mweusi shatini mwa Delphin.

Msusi hadanganywi na nywele. Aliuchoma kwa kiberiti: wa mtu hunuka, wa dukani huyeyuka. Huu uliwaka mwekundu, kisha ukarudi mweusi vilevile. Akauchoma tena. Alichanganyikiwa; alimchukia Delphin na kumtamani papo hapo.

"Ni ya mwanamuke wa Bukavu," Sandrine, rafiki yake, alimwambia. "Mwache!"

Jumatatu Joselyne alimfuata Delphin gereji, kazini kwake. Alimkuta amevaa glavu, akipitisha nyuzi nyeusi kwenye beseni la gundi na kuziviringisha mshazari juu ya bomba la chuma lililokuwa likizunguka.

"Mwanamuke wako iko wapi?"

"Mwanamuke gani? Hii ni kardani, inabeba nguvu ya moteri mpaka ku mapine. Ni nyuzi za kaboni. Tunaviringisha, tunapika ndani ya four, ile tanuri, kisha tunachomoa chuma. Inabaki nyepesi, lakini nguvu yake, weee!"

"Na simu?"

"Gundi haingoji, sheri. Nikiacha katikati, pale ndo itapasuka. Mbili zimeshapasuka. Niliona haya kukuambia."

Kumbe ule unywele ulikuwa uzi wa kaboni! Joselyne hakujua acheke au alie. Delphin naye alikuwa akimtazama yeye, si kazi.

"Inalegea!" Joselyne alipiga kelele. Akavaa glavu zilizokuwa mezani, akaudaka uzi, akauvuta kama anavyovuta sokoni. Ukalala sawasawa.

Simu ikalia mkobani mwake. Ulikuwa mlio wa Sandrine.

"Pokea," Delphin alisema.

"Nikiacha, itapasuka."

Simu ikalia mpaka ikanyamaza.

"Joselyne, nitume bazee kwenu?"

Machozi yalimtiririka Joselyne, na glavu zote mbili zilikuwa na gundi.

"Batume," alisema. "Lakini kwanza unipanguse macho, sioni uzi."