Shahidi wa Siku ya Posho

Mvua ya Likasi haibishi hodi. Siku ile iliangukia soko saa tisa, jua likiwa bado linawaka, na watu wakakimbilia paa lolote lililokuwa karibu. Mmoja wao aliingia kwa Berthe mshonaji, akasimama kati ya mashini yake na vikwembe, yaani vitenge, vilivyotundikwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati jeupe limegandamana na mgongo. Begi alilolikumbatia lilikuwa kavu kabisa, maana alikuwa amevua koti lake akalifunika nalo.

“Papa, iko mutoto ndani ya ile begi?” Berthe akauliza bila kusimamisha mguu.

“Hapana, maman. Iko sikio.”

“Sikio ya nani?”

“Ya mashini. Inasikia vile damu inatembea ndani ya kichwa ya muntu.”

Berthe akamtazama kama anavyotazamwa mwenye kuuza dawa moja ya magonjwa yote. “Na ile koti yako inasikia nini? Imepasuka kwapani.”

Yule mwanamume akacheka, akampa koti. Mvua ikanyesha, Berthe akashona. Jina lake, akasema, ni Rémy. Ametoka Lubumbashi na wenzake wanaofanya utafiti, atakaa Likasi miezi mitatu. Anatafuta watu waliopatwa na kiharusi, apate kujua damu yao inapita namna gani kwenye ubongo.

Aliposikia kiharusi, Berthe akasimamisha mguu.

“Minye niko na moja kwa nyumba,” akasema polepole. “Ni papa yangu.”

Mzee Kalombo alifanya kazi maisha yake yote Koni, pale maji ya Lufira yanapogeuza mashini za umeme. Alikuwa msemaji, mtu wa kukalisha mtaa mzima kwa hadithi moja. Asubuhi moja, miaka miwili iliyopita, aliamka mkono wa kuume umekufa na maneno yote yamekwisha. Tangu hapo Berthe alikuwa anauliza na kujijibu mwenyewe. “Papa, chai?” “Ndiyo, mwanangu, lakini usitie sukari mingi.” Aliigiza hata kikohozi chake. Alikuwa na miaka thelathini na tano. Wachumba walikuja zamani, wakaona mzigo, wakakumbuka shughuli nyingine.

Rémy alikuja nyumbani siku ya pili. Alimsalimia mzee kwa mikono miwili, akaketi chini kuliko yeye, kisha akaweka kidude cha mashini kwenye panja, pale kando ya jicho ambapo mfupa ni mwembamba. Sauti ikatoka: fwaa, fwaa, fwaa. Akahamia upande wa kushoto. Pale sauti ilikuwa ndogo, kama mtu anayetembea kwenye mchanga amechoka.

“Ni kama maji ya Koni,” Berthe akasema. “Bomba ikiziba, mashini haizunguke, mji unalala giza.”

Mzee Kalombo akainua mkono wake mzima, akamwonyesha binti yake kwa kidole, na nusu ya uso wake ikacheka.

“Darasa yote ya chuo kikuu, hakuna aliyenifasiria vile,” Rémy akasema.

“Itamuponyesha?”

“Hapana, Berthe. Sitakudanganya. Tunapima tu. Labda itasaidia wale watakaokuja nyuma.”

“Basi unakamata bule.”

“Nakamata. Njo maana nitarudia kusalimia.”

Akarudi kusalimia. Akarudi tena. Siku alizokuwa Kapolowe au vijiji vya Mwadingusha kupima wagonjwa, alipiga simu kila jioni, saa ile Berthe anafunika makaa.

“Sheri, mupenzi, umekula?”

“Nimekula. Bukari na sombe.”

“Na nani?”

“Na sufuria.”

“Sufuria haikuambii kama umependeza.”

“Weye unaonea wapi, uko Mwadingusha? Haya, nikutegee. Nyumba yangu iko na bantu babili, lakini anayesema ni mumoja.”

“Ile si kitendawili, Berthe. Ile ni nyumba yenu.”

Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Alilala na simu mkononi kama mtoto na mwanasesere, wala hakuona haya.

Mwezi wa tatu wa Rémy Likasi ukaingia. Siku ya tatu ya juma, yaani Jumatano, Berthe akiwa anapima libaya, blauzi ya mteja, simu ikalia ujumbe. Ulisema hivi:

“Berthe, niko na kitu kikubwa ya kukuomba. Siku ya posho, saa ine, ukubali kukuwa témoin wangu. Michelle alisha kusema ndiyo, sasa nakosa weye tu. Kuya na carte yako ya kitambulisho, utatia signature.”

Siku ya posho ndiyo Jumamosi kwetu, siku ya harusi. Berthe akausoma mara tatu, akaupeleka kwa Gertrude, muuza maharagwe wa jirani, ambaye ameolewa mara mbili na anajua mambo.

“Témoin?” Gertrude akasema. “Ah, mama yangu. Témoin ni shahidi, muntu anasimama pembeni ya bwana harusi kwa komini, pale ndoa inaandikwa. Anaonyesha carte, anatia signature, anakula keki, anarudia kwake.”

“Na Michelle?”

“Huyo hatakuwa pembeni.”

Wasomaji wangu, niwatege: ugonjwa gani ukiukata kichwa unageuka sherehe? Kiharusi. Ondoa mwanzo wake, utabaki na harusi. Kiharusi ndicho kilichomleta Rémy kwa Berthe, na sasa, Berthe alidhani, harusi inamwondoa. Hakumlilia mtu. Aliandika maneno mawili, “Tafuta mwingine,” akazima simu, akamaliza libaya. Mikono ilitoka mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Jioni zile nyumba ilirudi kuwa kama zamani, ila sasa ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu alikuwa amekwisha kuzoea kuulizwa kama amekula. Alimpakulia baba yake, akafungua kinywa amjibie kama kawaida, sauti ya mzee ikagoma kutoka. Wakala bila neno, wote wawili.

Jumamosi saa sita Rémy akasimama mbele ya mashini ya kushona. Hakuvaa suti. Alikuwa na shati lilelile jeupe na macho ya mtu asiyelala.

“Telefone yako imekufa?”

“Iko nzima. Minye njo nilizima.”

“Kwa nini?”

“Ulioa saa ine, saa sita uko huku. Bibi harusi atakula keki na nani?”

“Bibi harusi gani?”

“Michelle.”

“Michelle ni infirmière wetu, anatunza bagonjwa. Iko na bwana na batoto bane. Alikubali kuya kazi siku ya posho, njo kile alikubali.”

Berthe hakuinua macho. “Na témoin?”

Rémy akashika kichwa kwa mikono miwili. “Témoin, kwa kazi yetu, ni muntu muzima. Tukipima mugonjwa, tunatafuta muzima wa miaka yake, wa kwao, tulinganishe damu. Kuko mama mugonjwa wa miaka makumi tatu na tano, nakosa mwenzake. Signature ni ya kukubali kupimwa.”

Gertrude, kule kwenye maharagwe yake, akaanza kuyapanga upya, ingawa yalikuwa yamepangwa.

“Kumbe nimelilia kazi,” Berthe akasema.

“Ulilia?”

“Nilikata kitunguu. Haya, nipe karatasi, nitie ile signature.”

“Hapana. Siku hizi tatu nimefikiri. Siwezi kukupima tena.”

“Damu yangu imeharibika?”

“Anayepima asikuwe na mapenzi na anayepimwa. Njo sheria. Minye niko nayo, tangu siku ya mvua. Nitamuomba Michelle atafute témoin mwingine. Na siku ya kwanza narudia Lubumbashi, halafu Kinshasa, kuhesabu vile tulipima. Mwaka mzima. Siwezi kukuambia umuache papa. Lakini nataka kukuoa, Berthe, na papa hawezi kunijibu. Niulize kwa nani?”

Berthe akavuta uzi, akaukata kwa meno.

“Tonton Stanislas, mudogo wa papa. Yeye njo anasema kwa jamaa sasa.” Akakunja kitambaa mara mbili. “Analima Kapolowe. Bas ya Lubumbashi inasimamaka pale. Sikuambie ushuke. Nasema tu inasimamaka.”

Jumatatu, ndiyo hiyo siku ya kwanza, hakwenda kumsindikiza. Alikaa kwenye mashini tangu asubuhi, hakushona pindo hata moja. Aliziona siku za mwaka mzima zimejipanga mbele yake kama foleni ya maji. Saa kumi alifunga kibanda, akarudi, akamwosha baba yake miguu. Simu ikalia.

“Berthe, ni minye Stanislas. Kuko kijana moja hapa, ameshuka bas, amesimama kwa jua hata kofia hana. Anasema anatafuta muntu wa kujibu pa nafasi ya Kalombo. Nimupatie kiti, ao nimuonyeshe barabara?”

Mzee Kalombo alikuwa amegeuza kichwa, anamtazama.

“Mupatie kiti, tonton.”