Kidole Kimetoka, Mwili Umebaki

Mimi ni fundi cherehani. Nimepanga chumba, na ukuta wangu mmoja ndio ukuta wa jirani yangu. Akikohoa, nasikia. Mama yake akilia, nasikia pia. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba niliingilia yasiyonihusu. Yalinihusu sana.

Jirani yangu anafanya usafi katika hoteli moja ya ghorofa nne. Anatandika vitanda, anabadilisha foronya, anasugua vyoo, anakunja taulo. Kazini wanamwita Chapuchapu, na jina hilo alilipenda kweli.

"Dada, ukipepesa macho tu, kitanda nimeshakitandika," alikuwa akiniambia.

"Haya, mkimbiaji," namjibu. "Hilo kombe watakupa lini?"

Mama yake alikuwa mgonjwa. Alipatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukafa ganzi. Daktari alisema ageuzwe mara kwa mara. Asilowe, na asilale upande mmoja kutwa nzima. Mchana nilimgeuza mimi. Alasiri nilikwenda kuwapelekea wateja nguo zao, maana na mimi nina tumbo la kulisha. Tulikubaliana kwamba nikitoka mimi, anaingia yeye. Kazi yake ilikuwa inaisha saa kumi.

Saa kumi yenyewe ilikuwa ya mdomoni tu! Jirani yangu alifika giza limeshaingia. Aliingia mbio, hata viatu hajavua, akamkuta mama amelowa, amelala vilevile nilivyomwacha.

Siku moja alimgeuza, kisha akaniita kwa sauti iliyonitisha. Nilikimbia. Chini ya mgongo wa mama palikuwa na kidonda, kimeanza kuchimba.

"Dada," alisema, "kutwa nzima natandika vitanda vya watu. Mama yangu anaoza kwenye chake."

Tulilia wote wawili. Mama alitutazama, wala hakuuliza tunalia nini.

Nilipomaliza kulia, nikakasirika. Mimi ndivyo nilivyo.

"Hebu niambie ukweli," nikamwambia. "Kutoka saa kumi mpaka giza unakuwa wapi? Una mwanamume huko?"

"Mwanamume nimpate wapi na harufu hii ya dawa ya choo? Niko vyumbani, dada. Namalizia kazi."

"Unalipwa hizo saa?"

"Silipwi."

"Kwa nini?"

Ndipo akanieleza. Kwenye mlango wa wafanyakazi kuna mashine. Asubuhi unaweka kidole, mashine inajua umeingia. Jioni unaweka kidole, inajua umetoka. Asiyeweka kidole saa kumi, kesho yake msimamizi anamtaja mbele ya wenzake kwamba ni mzembe. Basi saa kumi ikifika, wahudumu wote wanashuka mbio, wanaweka kidole, halafu wanapanda tena kumalizia vyumba.

Nilibaki mdomo wazi. "Nani aliwafundisha hivyo?"

"Hakuna. Tulianza wenyewe. Ni aibu, dada! Mimi Chapuchapu nitajwe mzembe?"

"Na msimamizi hajui?"

"Anajua sana. Nikiwa juu ananitumia ujumbe kwenye simu. Chumba fulani bado, maliza upesi."

"Na bosi?"

"Bosi anaangalia mashine. Anaona wote tunamaliza saa kumi. Kwa hiyo ametuongezea vyumba."

"Ala! Mwizi anawaibia, na nyinyi mnamshikia ngazi!"

Aliinamisha kichwa. "Nikikataa watanifukuza. Dawa za mama nitanunua na nini?"

Nina mteja mmoja, ni afisa kazi. Kazi yake ni kuangalia haki za wafanyakazi. Alipokuja kuchukua sketi yake, nilimwambia haitakamilika mpaka amsikilize jirani yangu. Nilimdanganya. Sketi ilikuwa imeshapigwa pasi. Afisa kazi alicheka, akakaa, akamsikiliza Chapuchapu mpaka mwisho. Hakucheka tena.

"Mkataba wako unasema ufanye kazi saa ngapi kwa siku?" aliuliza.

"Mkataba nilitia saini siku ya kwanza, wakabaki nao."

"Omba nakala yako. Usione haya kuomba kilicho chako. Mshahara ni wa zile saa zilizo kwenye mkataba. Ukizidisha, hizo ni saa za ziada, ndiyo ovataimu. Ovataimu inalipwa, na kwa kawaida inalipwa zaidi ya saa ya kawaida."

"Lakini hakuna aliyenilazimisha."

"Msimamizi anajua uko juu, na anakutumia ujumbe umalize. Hiyo ni kazi. Anayefaidi jasho lako huku anajua, lazima akulipe."

"Kidole changu kinasema nimetoka."

"Hapo mmekaangwa kwa mafuta yenu wenyewe." Afisa kazi alitikisa kichwa. "Vyumba mnafungua kwa ufunguo?"

"Kwa kadi. Kila mhudumu ana yake."

"Vizuri. Milango ya namna hiyo mara nyingi huweka kumbukumbu ya nani amefungua na saa ngapi. Kidole kimetoka, mbona kadi bado inafungua vyumba? Hilo nitawauliza mimi. Wewe usifute ujumbe hata mmoja. Na kuanzia kesho, weka kidole unapoondoka kweli."

"Wakinifukuza?"

"Sitakudanganya. Kumfukuza mtu kwa sababu amedai haki yake ni kosa. Lakini wapo wanaojaribu. Kwa hiyo usiende peke yako. Ongea na wenzako. Wakifukuzwa wote, nani atatandika hivyo vitanda?"

Msidhani mambo yalikwenda kama maji. Siku ya kwanza ni wahudumu watatu tu walioacha kuweka kidole saa kumi. Asubuhi yake wakatajwa. Wenzao wakawacheka. "Chapuchapu siku hizi ni Konokono!" Jirani yangu alirudi nyumbani macho mekundu, akaniambia nimemponza. Nilimwacha aseme. Hata mimi niliogopa.

Lakini leo aliongezeka mmoja, kesho wawili. Mwishowe wazembe wakawa wahudumu wote, na msimamizi akachoka kutaja. Wakaandika madai yao pamoja, wakayapeleka ofisi ya kazi.

Bosi alikana. Alisema baada ya saa kumi wanawake hao hubaki kupiga soga. Afisa kazi akaomba kumbukumbu za milango. Bosi akasema zimepotea. Afisa kazi akasema atangoja. Aliwangoja kweli, akarudi, akawaita tena, vikao vikaahirishwa. Yote hayo yalichukua miezi, na kidonda cha mama hakikungoja kikao. Kilichimba mpaka nikawa nafumba macho ninapomfunga bandeji.

Hatimaye kumbukumbu zilionekana. Hoteli ikakubali kulipa saa za nyuma kidogo kidogo. Vyumba vikapunguzwa. Ikakubaliwa kwamba mtu asibaki baada ya saa kumi ila kwa hiari yake, na kwa malipo.

Siku ya kwanza ya utaratibu mpya, Chapuchapu aliingia jua likiwa bado dirishani. Mama alitazama dirisha, akamtazama mwanawe. Akaogopa.

"Wamekufukuza?" aliuliza kwa ule ulimi wake mzito.

"Hapana, mama. Kazi imeisha."

"Usinifiche, mwanangu."

"Saa kumi imefika, mama. Nimetoka."

Mama alitazama tena dirisha. Kisha akasema, "Kumbe saa kumi ipo."

Walikaa pamoja alasiri ile, na nyingine chache baada yake. Chapuchapu alimgeuza, alimwosha, alimchana nywele. Kidonda hakikupona. Malipo ya mwisho ya saa za nyuma yalifika tumeshamzika.

"Pesa wamenirudishia, dada," Chapuchapu aliniambia. "Zile alasiri nani atanirudishia?"

Sasa amekuwa mkali kazini. Juzi alinisimulia habari za mhudumu mpya, msichana mdogo. Saa kumi alimkuta mbele ya mashine, kidole kimeshanyooshwa.

"Umemaliza vyumba?" alimuuliza.

"Bado kimoja, dada. Naweka kidole, halafu napanda."

"Toa kidole hapo. Kamwambie msimamizi kimebaki kimoja. Ukibaki, ulipwe. Usipobaki, nenda nyumbani."

"Nitaitwa mzembe."

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Basi na uitwe."