Begi la Tunu

Anayetaka kubisha aje na hoja, asije na kicheko. Rafiki yangu Raudha wa Goba hana tabia ya kuongopa.

Ijumaa ile alimsindikiza uwanjani dada yake Tunu, aliyekuwa anakwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Ndege iliondoka saa nane mchana. Ni kilomita kama elfu nne, zaidi ya saa tano angani. Bibi yao alishaonya, "Msafiri hajafika, nyumba haifagiliwi."

"Bibi nawe! Ndege inaogopa ufagio?" Raudha akafagia.

Saa kumi wingu likatanda, umeme ukakatika, sebule ikawa giza. Akasikia begi likiburutwa uani: krr, krr, tok. Tairi moja la begi la Tunu lilivunjika asubuhi hiyohiyo. Mlango ukagongwa mara tatu, taratibu.

"Usifungue, mjukuu wangu," Bibi akanong'ona.

Raudha akasogeza pazia. Hakukuwa na mtu, wala alama mchangani.

Saa mbili kasoro ujumbe wa Tunu ukaingia: "Tumetua salama. Ila mdogo wangu, ulinichungulia pale dirishani, mbona hukunifungulia?"