Kibodi Iliyonata

Herufi zilikuwa na unyevunyevu. Leute alikifuta kioo cha simu kwa upindo wa lavalava, shuka aliyojifunga kiunoni, akafuta tena, vidole vikabaki vinanata kama vya mtu aliyetoka kupasua samaki.

Kibodi ya zamani ilikuwa ikimgeuzia kila neno la Kisamoa kuwa Kiingereza cha ajabu, naye, mwalimu mstaafu asiyevumilia upuuzi, akaamua kutafuta nyingine. Mtandao pale kwao hushika vizuri juu ya kaburi la mama mkwe wake, Lagi, mbele ya nyumba, wanapokunjia nguo na kuchezea karata. Akakaa juu ya marumaru ya marehemu, akachagua kibodi iliyojisifu kujua Kisamoa. Ilipouliza kama airuhusu kusoma kila atakachoandika, alijibu kwa sauti, "Soma tu, bibi wee, kwani una kazi gani?" Akabonyeza.

Juu ya kaburi la mkwe, maneno hayo hayasemwi; aliye chini hudhani ameitwa yeye.

Sasa alikuwa akimwandikia binti yake, Sulu, aliyeko Auckland na mimba yenye matatizo. Madaktari walimkataza ndege: angeweza kutokwa damu angani, wakafa yeye na mtoto. Leute aliandika, *Pumzika, mwanangu.* Kilichokwenda ni, *Njoo uzalie nyumbani. Lete kondo la nyuma.*

Sulu akapiga simu analia, akiuliza mbona mama amegeuka, tiketi akate au asikate.

"Usisome ninachoandika," Leute alinong'ona. "Sikiliza sauti yangu. Usipande ndege."

Alikwisha kumjua anayeandika. Kwao kondo la kila mtoto huzikwa katika ardhi ya ukoo, na Lagi alikufa akinung'unika kwamba la kitukuu wake litachomwa ugenini pamoja na bandeji za usaha.

Jumapili, baada ya ibada, chakula kikiwa mezani, Leute alijaribu kuifuta ile kibodi, na herufi zikabonyea chini ya kidole kama ufizi usio na meno, zenye joto na utelezi, na alipouvuta mkono ute ukamfuata, mrefu, mwekundu kwa mbali, ukidondokea kwenye tui la nazi huku harufu ya damu iliyolala ikipanda mpaka kooni, naye akakimbilia nyuma ya jiko kutapika, na hata huko alihisi kitu kikimlamba ncha ya kidole.

Pouono, mganga wa majani, aliletwa. Aliipaka simu mafuta, akaikanda kama tumbo la mzazi, uso ameugeuzia pembeni.

"Nimekamua majipu ya kijiji kizima, dada. Lako hili limeyapita yote kwa uvundo." Kisha akaiinamia simu, taratibu. "Mama Lagi, unataka nini?"

*Changu,* kibodi ikajiandika.

"Mwache binti azalie huko huko. Chako kitaletwa."

Kioo kikakauka. Kibodi ikafutika kwa mguso mmoja, na Sulu hakusafiri.

Alipojifungua, aliandika: *Mama, ni msichana, wote wazima. Nimewaomba wauguzi wanihifadhie kondo, kama mlivyoahidi. Wamefunua ndoo, halimo. Kuna udongo mweusi tu, umelowa.*

Leute alichungulia nje. Mbwa wa kijiji kizima walikuwa juu ya kaburi, kimya, wakigombania kulamba ufa wa marumaru.