Siti ya Nyuma ya Bi Maryamu

"Muhsin, hiki chuma umekitoa wapi?"

Zuena alikuwa amesimama uani na mfuko wa nyanya mkononi, ndiyo kwanza anatoka sokoni. Chini, pembeni ya msumeno, kilikuwepo kipande cha fremu ya pikipiki, bado kina keria yake na nusu ya siti. Mumewe hakuinua kichwa. Alikuwa anapuliza kabureta.

"Ni mkia tu," alisema. "Unaongeza uzito bure."

"Mkia wa pikipiki ya baba?"

"Nitauchomelea tena baada ya mbio. Usiwe na wasiwasi, mke wangu."

Pikipiki yenyewe haikuwa ya Muhsin. Ilikuwa Honda nyekundu ya marehemu mzee Abdi, baba yake Zuena, aliyekuwa bwana shamba kule Magoma. Siku asizokuwa na kazi mzee alimpakia mkewe, Bi Maryamu, wakaenda zao shambani, na watu wakiwatania kwamba wamegeuka maharusi uzeeni. Alipofariki alizikwa huko huko shambani, na Honda ikakaa bandani mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye siti. Muhsin alipomwoa Zuena aliomba apewe aifufue. Bi Maryamu alikubali kwa sharti moja tu: ikipona, aje nayo ampakie, ampeleke kwa mumewe shambani, hata mara moja.

Muhsin alikubali, na siku ile alikubali kwa moyo wote. Tusimwonee.

Waliijenga pamoja nyumbani kwao Handeni. Sebule ilinuka petroli, pistoni zikalala kwenye sinia la pilau, na Zuena alisugua kutu kwa msasa mpaka kucha zikaisha. Injini ilipowaka walicheka kama watoto. Muhsin alimpakia wakaenda hadi Kang'ata na kurudi, na njia nzima Zuena alimshika kiuno, shavu lake mgongoni kwa mumewe. Hajawahi kujisikia anapendwa kama siku ile.

Halafu Ponsiano, fundi rafiki yake wa Korogwe, akapiga simu. Kulikuwa na mbio za pikipiki za zamani kwenye barabara ya shamba la mkonge. Muhsin ni mtu ambaye tangu shule hajawahi kuwa wa kwanza kwa lolote, na hilo lilimkera kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Tangu siku hiyo Honda ikaanza kukonda. Zilitoka taa, vikafuata vioo, yakaja madigadi, na sasa mkia.

Wakati huo huo Bi Maryamu alikuwa anazidiwa. Miguu ilivimba, macho yaliingia ukungu, na daktari alishamwambia Zuena amtunze mama yake nyumbani, ampe anachopenda. Zuena akaenda Magoma kumuuguza. Huko alimwandikia mumewe ujumbe:

"Mama anauliza utakuja lini. Amenituma nimfulie khanga yake ya kusafiria."

Muhsin alijibu:

"Jumamosi. Mbio asubuhi, alasiri nipo hapo. Mwambie ajiandae."

"Na siti?"

"Nitaichomelea Korogwe, ni njiani tu. Nakupenda."

Jumamosi Muhsin alishinda. Aliwaacha wenzake kwenye vumbi la mkonge, na watu wakambeba juu juu. Soda zilinywewa, picha zikapigwa, jua likasogea. Ilipofika zamu ya kuchomelea ndipo akakumbuka kwamba kile kipande kimebaki uani Handeni. Ponsiano alimwambia achukue pikipiki yake, ina siti nzuri, amwahi yule mama. Muhsin alikataa. Alitaka afike na Honda hiyo hiyo iliyoshinda, na aliamini mama mkwe akikishika kikombe cha ushindi atafurahi vya kutosha.

Bi Maryamu alikuwa mlangoni kwenye kigoda, khanga imenyooka, amejifukiza udi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pole na safari. Mbona mlio umebadilika? Mimi sikuujua."

"Nilitoa ekzosi, mama. Nimeshinda. Nimekuletea kikombe."

"Hongera mwanangu, Mungu akuzidishie. Zuena, nishike nisimame, tusimcheleweshe."

Zuena hakusogea. Alikuwa ameshaiona pikipiki. Mama akajiinua mwenyewe kwa kushika ukuta, akatembea taratibu, akanyoosha mkono nyuma ya tangi. Vidole vikapita juu ya siti ya dereva, vikafika kwenye chuma kilichokatwa, vikasimama hapo.

"Hapa ndipo nilipokuwa nakaa," alisema.

"Mama, ule mkia umebaki Handeni. Wiki ijayo nauleta, nakuahidi."

"Haya baba. Wiki ijayo si mbali." Alimpapasa bega. "Zuena, mpe mwenzio maji, ana vumbi."

Hakumlaumu hata kwa neno moja. Aliingia ndani, akavua khanga yake, akaikunja vizuri. Zuena alimtoa Muhsin nje ya ua.

"Amekaa pale tangu adhuhuri," alisema. "Kila pikipiki ikipita ananiuliza kama ni wewe."

"Nilisahau, Zuena. Wallahi nilisahau."

"Najua ulisahau. Ndicho kinachoniuma. Ungefanya makusudi ningekugombeza, yakaisha."

Muhsin alirudi Handeni jioni hiyo hiyo na aibu yake. Kazi ya kuchomelea haikwenda upesi, maana fremu ilikuwa imepinda na umeme ulikuwa unakatika. Siku ya tatu asubuhi alikuwa anakaza boliti za mwisho simu ilipolia.

"Ndiyo namalizia, mke wangu," aliwahi kusema. "Siti ni ile ile. Leo leo nakuja, mwambie mama avae khanga yake."

Upande wa pili zilisikika sauti za watu wakilia.

"Zuena?"

"Mama ametutoka, Muhsin. Wanamzika alasiri."

Alikaa chini palepale uani akalia mpaka jirani akatoka kumtazama. Kisha akaiwasha Honda. Alifika Magoma watu wakijipanga kuondoka na jeneza, akaliwahi. Ile njia ya shambani aliyoahidi kumpitisha mama mkwe akaipita kwa miguu, jeneza begani, na hakukubali kupokewa. Walimlaza Bi Maryamu pembeni ya mumewe.

Matanga yalipoisha ndugu walikaa na Zuena, wakamwambia arudi kwake. Alikubali. Aliiangalia siti iliyorudishwa, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akapanda akakaa pale alipokuwa anakaa mama yake. Muhsin akangoja. Vioo vilikuwa bado havijarudi, kwa hiyo hakumwona mkewe.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Kiunoni kwake hapakuwa na mkono wowote. Zuena alikuwa ameshika keria, kama abiria wa bodaboda asiyemjua dereva. Muhsin aliendesha polepole, polepole kuliko alivyowahi kuendesha maishani, mpaka bodaboda za Korogwe zikawa zinampita na kumpigia honi. Walipoingia barabara ya Handeni aliuliza tena.

"Umeshika, mke wangu?"

"Nimeshika, Muhsin. Twende tu."