Nembo Hazikuungua

Jezi mpya zote za klabu zilikuwa zimeungua. Stoo ya chini ya jukwaa ilinuka plastiki, na meneja wa klabu alikuwa anazunguka kajishika kichwa.

"Wapinzani hao, Inspekta! Nani mwingine?"

Inspekta aliukagua mlango. Haukuvunjwa. Alichuchumaa, akafukua majivu kwa kalamu, akaokota kipande cha kifua cha jezi kilichonusurika na moto. Mahali pa nembo, patupu. Akaokota kingine. Vilevile.

"Nembo zilishonwa?"

"Zote."

"Basi zimefumuliwa kwanza, uzi kwa uzi. Mpinzani angechoma na nembo, tena kwa raha zake. Huyu ni wenu. Na cherehani anaijua."

Fundi cherehani wa mashabiki alikuwa mmoja tu, yule mama wa geti la pili anayeongoza kushangilia. Walimwita Mama Goli. Inspekta alimkuta kazini. Chini ya meza, mfuko umejaa nembo.

"Mama, hizi umezitoa wapi?"

"Unajua nilikozitoa, mwanangu. Usinizungushe."

"Stoo uliingiaje?"

"Ufunguo ninao. Ngoma zetu zinalala humo."

"Ukachoma wewe?"

"Mimi. Ila nembo ningeichomaje? Nina kichaa?"

"Jezi zimekukosea nini?"

"Timu hii ni ya bluu tangu mama yangu hajaolewa! Kaja tajiri wa kiwanda cha rangi, katia hela, eti sasa tuvae rangi ya makopo yake. Meneja anamwambia, mashabiki watanunua chochote. Nimemsikia kwa masikio yangu! Tuliposhuka daraja huyo tajiri alikuwa wapi? Wachezaji walilipwa kwa viingilio vyetu. Jezi tulinunua mpaka za vichanga!"

Meneja alikuwa ameshafika, jasho linamtiririka.

"Mama, tuyamalize. Tangu tutangaze rangi mpya, tiketi ya mechi ya Jumamosi haijanunuliwa hata moja. Nafuta mashtaka sasa hivi. Wewe waambie tu wenzako waje."

"Bluu inarudi?"

"Mkataba umeshasainiwa, mama yangu."

"Nimekuuliza, bluu inarudi?"

Meneja akamgeukia Inspekta.

"Ukikataa ni jela, mama," Inspekta alisema taratibu. "Kuchoma mali si mchezo."

Mama Goli akasimama, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Funga pingu, baba. Na wewe meneja, Jumamosi vikushangilie viti."