Hakuambiwa Mto

Jua la Johannesburg mwezi wa saba halizami. Linatoroka. Sasa hivi liko juu ya maghorofa. Ukigeuka kupenga kamasi, limeshakuacha na mikono kwapani.

Lilimwacha hivyo hivyo Mzwandile Mthembu, kando ya jiko la mama muuza magwinya, mbele ya hoteli ya katikati ya jiji alikofikia na mkewe. Alikuwa akingoja maandazi yake hayo yajazwe nyama ya kusaga. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, tumbo limetangulia kama boneti ya lori. Lori alilijua vizuri: aliliendesha mpaka Lubumbashi, mpaka Tunduma, mpaka Beira, na kila mpaka aliovuka alirudi na kichekesho chake.

Jioni hiyo alikuwa na furaha ya kijinga. Safari hii ilitoka kwa mkewe mwenyewe, MaNgubane, mwanamke asiyeomba kitu. Siku moja, akimenya viazi, alisema tu: "Mvelase, twende Johannesburg tukalale hotelini. Baridi yenyewe tuifuate huko huko." Mvelase ni jina la sifa la ukoo wa kina Mthembu. Mke akikuita hivyo, kazi kwako kukataa.

"Ongeza pilipili, mama," alimwambia muuzaji. "Niko fungate."

Mama akalitazama lile tumbo. "Fungate ya ngapi, baba?"

"Ya kwanza. Pesa za ile ya zamani walikula wajomba."

Akapanda na lifti hadi ghorofa ya sita, akicheka peke yake. Ujia ulinuka zulia bichi. Taa moja ilipepesa. Alipofika mlangoni, akasita.

Sauti ya mkewe ilikuwa ndani. Ya chini. Laini.

"...usiogope. Nimekuja. Safari hii nimekuja kweli."

Kisha, kama anayemjibu mtu:

"Najua. Najua, mpenzi."

Magwinya yalimwunguza vidole, hakusikia. Akausukuma mlango kwa bega.

MaNgubane alikuwa peke yake. Ameketi sakafuni karibu na dirisha, viatu amevua. Mapajani mwake lilikuwepo tawi la mkunazi mwitu, majani yamesinyaa, miiba yake miwili miwili: mmoja umenyooka, mwenzake umepinda kama ndoana.

Mzwandile alilijua tawi hilo. Mzulu gani asilijue? Mtu akifia mbali na kwao, hospitalini, barabarani, mgodini, maiti huzikwa lakini roho hubaki pale pale ilipodondoka, ikishangaa. Ndugu huja na tawi, wakaiita, wakairudisha nyumbani.

"Nani kafia hapa?"

"Funga mlango, Mvelase. Baridi inaingia."

"Nimeuliza nani."

"Baba Lwazi."

Jina hilo halikuwa na kiti nyumbani mwao. Vusumuzi Sithole, mchumba wa kwanza wa MaNgubane, alikufa akamwachia mimba. Mtoto ndiye Lwazi, na Mzwandile alimlea tangu hajaota meno. Alimfundisha baiskeli, gari, na uongo mdogo mdogo wa kiume. Picha pekee ya marehemu aliichoma mwenyewe, akasingizia panya.

"Alifia humu?"

"Humu humu. Tulipanga kuja kupumzika siku mbili, wakati wa baridi kama huu. Yeye alitangulia. Akawasha hita ya gesi, akafunga madirisha, akaningoja." MaNgubane alipapasa jani moja. "Sikufika."

Mzwandile akaketi kitandani. Kitanda kikalia.

"Kwa hiyo haya matembezi si yangu. Yana mwenyewe. Mimi nimeletwa kuyamalizia, kama mtu anayerithi suruali ya marehemu, tena haimpiti mapajani."

"Usinichekeshe, nitalia. Lwazi anakwisha, unamwona. Kila akilala anamwota baba yake amesimama ujiani, anatetemeka, anaomba kufunguliwa. Kina Sithole wote wamekufa, kabaki shangazi mmoja huko Nquthu, macho hayaoni vizuri. Nani angekuja?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi."

Akamweleza utaratibu, polepole, kama anayemfundisha mtoto njia ya dukani. Usiku huu wanamjulisha tu kwamba wamekuja. Alfajiri atalinyanyua tawi, na akishalinyanyua hatazungumza na mtu yeyote aliye hai mpaka wamefika kwa kina Sithole. Atasema na marehemu peke yake. Kila mlango amwambie, kila ngazi, na mto zaidi ya vyote.

"Na asipoambiwa mto?"

MaNgubane hakupenda swali. "Hupotea," alinong'ona. "Au hushika njia ya mtu mwingine."

Wakala magwinya yaliyopoa. Tawi likawekwa juu ya kiti, kiti kikaelekezwa kitandani. Mzwandile alikigeuza kitazame ukuta. Alipotoka msalani, kilikuwa kimetazama kitanda tena.

"Umekigeuza wewe?"

"Kipi?"

Wakalala. Yeye upande wa mlango, mkewe upande wa dirisha. Mji ulinguruma chini, kisha ukanyamaza. Ndipo pua yake ikaamka kabla ya masikio. Gesi. Tamu, nzito, kama kabichi lililooza. Akaitazama hita.

Ilikuwa imezimwa.

Kisha godoro likainama. Taratibu... upande wa dirisha. Kama mtu mwenye adabu anayeketi asimwamshe mwenzake. MaNgubane, usingizini, akasogea kidogo.

Akasogea kumpisha.

Mzwandile alitaka kukohoa. Na hapo, juu ya nywele za mkewe, sauti ya mwanamume ikanong'ona, bila hasira yoyote:

"Mbona umechelewa?"

MaNgubane akajibu akiwa amefumba macho.

"Basi liliniacha."

Hofu ilikuwepo, hatukatai. Nywele zilimsimama mpaka za masikioni. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu cha moto zaidi, na kitu hicho kilimwaibisha. Miaka yote ya ndoa, yeye hakuwahi kuulizwa kwa nini amechelewa kwa sauti ya namna ile, wala kujibiwa. Alilala pembezoni mwa kitanda alichokilipia mwenyewe, mguu mmoja nje ya blanketi, akamwonea wivu maiti.

Alfajiri MaNgubane alinyanyua tawi. Tangu hapo hakumtazama mumewe.

"Amka, baba Lwazi. Tunatoka chumbani. Huu ni mlango."

Lifti ilikuwa haifanyi kazi. Wakateremka kwa miguu, mke mbele na tawi, mume nyuma na masanduku.

"Hizi ni ngazi. Tunashuka. Kuna kona hapa."

Viatu vya mkewe vilisema *ta, ta*. Vyake vilisema *bu, bu*. Katikati yao palikuwa na soksi, soksi tupu, zikiburuzika juu ya saruji. Mzwandile akajaribu utani, maana ndio silaha pekee aliyokuwa nayo.

"Mwambie basi abebe sanduku moja."

Soksi zikasimama.

Hakutania tena mpaka chini. Bawabu mzee alipoliona tawi alivua kofia, akafungua mlango. MaNgubane akapita. Mzwandile akapita. Bawabu akaendelea kuushikilia, macho chini, kabla ya kuuachia.

Garini MaNgubane alifungua mlango wa nyuma. "Hili ni gari. Ingia, sogea." Akaingia yeye, akafunga. Kiti cha mbele kikabaki kitupu.

Kwa hiyo ndivyo, alijiambia Mzwandile akiwasha injini. Mke wangu na bwana wake nyuma. Mimi dereva wa teksi.

Barabara ya kusini ilikuwa nyeupe kwa jalidi. Nyasi zilisimama kama zimepakwa chumvi. Nyuma, sauti ya mkewe iliendelea, nyororo, ikimwonyesha marehemu dunia: hapa wameongeza njia, pale palikuwa na mnara, Lwazi ana ndevu kama zako. Mzwandile aliyasikia yote. Hakuna hata neno moja lililokuwa lake. Alipotazama kioo alimwona mkewe akitabasamu upande wa kiti kitupu, na kile kiti, Mungu shahidi, kilikuwa kimebonyea.

Kisha sauti ikapungua. Ikakatika.

MaNgubane amesinzia.

Mbele, ndani ya ukungu, kibao kikajitokeza kuwaarifu wasafiri kwamba mto Vaal uko karibu.

Mzwandile akapunguza mwendo. Angeweza kumwamsha. Angeweza kusema mwenyewe, maneno matatu tu, hata bubu angejitahidi. Akamkumbuka Lwazi, shingo yake nyembamba ndani ya kola. *Sema, Mzwandile.* Kisha akakumbuka godoro. Akakumbuka mkewe akisogea, akimpisha.

Abaki mtoni. Mto ni mpana, utamtosha.

Daraja likaanza kuunguruma chini ya magurudumu. Ukungu ulipanda pande zote mbili. Maji hayakuonekana. Mzwandile alifumba mdomo mpaka meno yakauma.

Katikati ya daraja, karibu kabisa na sikio lake, sauti ya mwanamume ikasema kwa upole:

"Mvelase. Sasa tunavuka mto. Usibaki nyuma."

Usukani uligeuka barafu. Akatazama kioo. Mkewe amelala, mdomo wazi kidogo, tawi mapajani. Kichwa chake kimeegemea hewa, wala hakianguki.

Mzwandile alitaka kupiga kelele. Kilichotoka ni mvuke.

Jua likachomoza, likapasha dashibodi, likapasha kiti, likapita juu ya mikono yake kama haipo. Na kila penye njia panda sauti ilimtangulia, ya subira, ya kirafiki. *Tunakata kushoto. Hapa kuna shimo. Sasa tunapanda.* Yeye, aliyezijua njia za nusu ya Afrika, hakuwahi kufika kwa kina Sithole hata siku moja. Alifika bila kuuliza mtu.

Shangazi alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya msonge, kibuyu cha pombe mkononi, macho yake yana utando. MaNgubane akaamka, akashuka na tawi, akatembea mpaka kizingitini. Uso wake ulikuwa umelowa machozi.

"Tumefika, baba Lwazi. Hapa ndipo kwenu. Ingia."

Aliyeingia alikuwa Mzwandile.

Miguu haikumwomba ruhusa. Iliinama, ikavuka kizingiti, ikaenda moja kwa moja upande wa ndani kabisa, mahali zinapokaa roho za wazee waliotangulia. Tawi likalazwa kando yake. Akataka kusema mnakosea jamani, mimi mnene, hamnioni? Shangazi akanyoosha mkono, akampapasa shavu bila kuona chochote.

"Baridi ya Johannesburg imekumaliza, mwanangu. Pumzika. Umeshafika."

Pombe ikamwagwa chini. Ilikuwa chachu, na aliionja yote.

Nje, mlango wa gari ulifunguliwa. Upande wa dereva, na gari likainama kwa uzito wa tumbo la Mzwandile, mwenyewe hayumo. Ukafungwa taratibu, kama afungavyo mtu aliyeazima kitu cha thamani. Sasa tawi lilikuwa chini. MaNgubane alikuwa huru kusema na walio hai. Mzwandile alimsikia akivuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, na hatua zake zikilizunguka gari hadi mlango wa mbele.

"Asante kwa kunisubiri," mkewe alimwambia aliyekuwa kwenye usukani. "Mwili mzima unaniuma. Twende nyumbani, Lwazi atakuwa ameamka."

Injini ikawaka mara moja. Kwa Mzwandile, asubuhi za baridi, haikuwahi kuwaka mara moja.